Henry Sorby, mwasisi wa elimu ya kusoma siri za vimondo

WANAJIOLOJIA wanaochunguza mawe ya volkano yaliyo chini ya mashamba ya chai ya Kericho na Bomet hutumia mbinu iliyotiwa msingi na Mwingereza ambaye hakuwahi kuajiriwa maishani, Henry Clifton Sorby.

Sorby alizaliwa Mei 10, 1826, karibu na Sheffield, mtoto wa pekee katika ukoo wa watengenezaji wa zana za chuma. Baba yake alipofariki alimwachia mali ya kutosha. Badala ya kustarehe, kijana huyo aliitumia kujifanyia utafiti.

Mwaka wa 1849 alianza kusaga vipande vya mawe hadi vikawa vyembamba kiasi cha kupenya nuru, kisha akavitazama kwa hadubini. Walikuwepo waliomcheka, wakiona ni upuuzi kutaka kuujua mlima kwa kutazama chembe. Hata hivyo, hakukata tamaa.

Katika miaka ya 1860 aligeukia vimondo. Ndani yake aliona vijipira vya madini, akatambua kuwa vilikuwa matone ya mwamba ulioyeyuka na kupoa haraka. Baadhi vilikuwa vimevunjika. Vingine vilikuwa vimebadilishwa na joto la baadaye.

Leo alama hizo husomwa kama kumbukumbu. Joto likidumu, kingo za vijipira hufifia na kuungana na mwamba unaovizunguka. Miamba ya angani inapogongana, kishindo huacha nyufa katika madini na mishipa myeusi ya mwamba ulioyeyuka.

Kenya ina ushahidi wake. Kimondo kilichoanguka Rumuruti, Laikipia, Januari 28, 1934, kilihifadhiwa Berlin kwa miongo mingi kabla ya thamani yake kujulikana. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1994 ulionyesha kuwa ni mkusanyiko wa vipande vilivyopata joto la viwango tofauti, vikavunjwa na migongano, kisha vikashikamana upya. Kundi zima la vimondo vya aina hiyo lilipewa jina la Rumuruti.

Sorby alitunukiwa Nishani ya Wollaston mwaka wa 1869, na baadaye akaongoza Chuo cha Firth, kilichokuja kuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Sheffield. Alifariki Machi 9, 1908, bila kuoa, miaka 26 kabla ya jiwe la Rumuruti kuanguka. Sehemu ya mali yake aliiachia elimu.