DAKTARI HINDORF NA MICHE SITINI NA MIWILI

Ukipanda matatu hapa Voi ukapitia Mwatate hadi Taveta, utachoka kuhesabu safu za mkonge. Tangu utotoni nilidhani mmea huu ni wetu wa jadi kama mbuyu. Kumbe wapi! Ni mgeni, na mwenye kumleta Afrika Mashariki anajulikana: Daktari Richard Hindorf, Mjerumani. Nilipolitaja jina lake katika mkutano wa chama chetu, wenzangu wawili walinirukia. Ati kwa nini tupoteze kurasa kwa mkoloni, na mkonge wake ndio uliokalia ardhi, ilhali mbuga za Tsavo peke yake zimechukua takriban asilimia 62 ya Taita Taveta? Swali lao ni zito na nitalirudia. Lakini hebu kwanza tumjue mtu mwenyewe.

Hindorf alizaliwa mwaka 1863 na akasomea kilimo. Aliajiriwa na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ikitafuta mmea wa kuiletea faida katika nchi ambayo leo ni Tanzania Bara. Huko hakukuwa na amani. Desemba 1889 Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim mjini Pangani kwa kuwaongoza watu wa pwani kuipinga kampuni hiyo hiyo. Hata damu haijakauka vizuri, kampuni inataka mazao!

Basi mwaka 1892 Hindorf alisoma habari za mkonge katika jarida la bustani ya Kew, Uingereza. Mmea huo ulikuwa utajiri wa Yucatan, kule Meksiko, na kamba zake zilipakiwa melini katika bandari iitwayo Sisal. Wenyewe waliulinda kama mboni ya jicho. Hawakutaka hata mche mmoja utoke nje. Hindorf akatafuta mlango wa nyuma: Florida, Marekani. Huko daktari mmoja, Henry Perrine, alikuwa ameupanda mkonge miaka ya 1830. Perrine aliuawa mwaka 1840 katika vita vya Waseminole, lakini mimea yake ilibaki ikajiotea porini.

Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ilivuka bahari hadi Hamburg, na ilipofika ni 200 tu iliyokuwa hai. Ikapakiwa tena, safari ndefu ya kuja Tanga. Mwaka 1893 ilipofunguliwa, iliyosalia ilikuwa 62. Wasimulizi wa Tanga husema ati ilifichwa ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa. Mimi sisadiki, lakini hadithi ni tamu. Ilipandwa Kikogwe karibu na Pangani, na kufikia mwaka 1898 palikuwa na mikonge 63,000.

Hapo ndipo nilipokwama nikaenda kumuuliza mwalimu wa bayolojia. Sitini na miwili huzaaje elfu sitini na tatu kwa miaka mitano? Jibu ni kwamba mkonge hauhitaji ndoa. Una kromosomu 150, yaani seti tano za 30, na seti tano hazigawanyiki kwa mbili, kwa hiyo mbegu ni shida kupatikana. Badala yake hutoa machipukizi kwenye mizizi, na ukikaribia kufa husimamisha mlingoti mrefu ambao juu yake huota miche midogo kwa mamia, hata elfu mbili. Mlingoti mmoja ni shamba zima! Ila kila mche ni nakala ya mama yake. Wataalamu waliotaka aina bora iliwabidi wachukue jamaa wengine wa mkonge wanaozaa mbegu na kuwachanganya, kazi iliyofanywa Amani na Mlingano, na ikaleta mkonge namba 11648 unaotoa majani zaidi ya mara mbili.

Maisha ya Hindorf baadaye hayakuwa ya kuvuna alichopanda. Vita vya 1914 vilifika hapa kwetu. Wajerumani waliiteka Taveta, na Waingereza wakajenga reli kutoka Voi mwaka 1915 ili wawafukuze. Wajerumani wakashindwa, mashamba yao yakauzwa. Mkonge nao haukujali bendera: Waingereza waliuendeleza Tanganyika hadi ikaongoza duniani, na kwetu Taveta mlowezi Ewart Grogan akaupanda miaka ya 1930. Hindorf alikufa mwaka 1954, mwaka ule ule TANU ilipozaliwa.

Jambo moja hakuliwahi. Kwenye jani la mkonge, nyuzi ni kama asilimia 4 tu, na zilizobaki 96 zilikuwa zikitupwa zioze mtoni. Baadaye wanakemia waligundua kuwa maji yake yana hekojenini, ikatumika kutengeneza dawa za jamii ya kotisoni. Miaka ya 2000 huko Hale, Tanga, takataka hizo zilitiwa ndani ya tangi lisiloingia hewa, bakteria wakazichachusha, ikatoka gesi ya methani ya kuendesha jenereta ya umeme. Na nyuzi zenyewe, mafundi wa kofia za Ulaya huzisuka kofia za harusi, na akina mama wa Kasigau huzitia rangi wakasuka vikapu vinavyobebwa kama mikoba ng'ambo. Kamba ya meli imekuwa fasheni!

Sasa lile swali. Mimi nasema Hindorf aandikwe, kwa sababu alisoma, akasubiri, na hakukata tamaa kwa miche 938 iliyokufa. Lakini miche hiyo hakuichimbia mashimo peke yake. Waliokuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika waliitwa manamba, kwa kuwa waliandikishwa kwa namba. Daktari ana jina na mwaka wa kuzaliwa, wao wana namba kama ile miche. Hilo linaniuma, na wenzangu hapo wana haki.

Wote wawili wameisoma makala hii kabla ya kuchapwa. Mmoja bado anapinga. Mwingine anataka kuiona hiyo miche ya juu ya mlingoti kwa macho yake, na tumepatana twende Jumamosi.