Paul Robeson: Ngome ya Uwanjani Aliyejifunza Kiswahili

Wahenga walinena kuwa mwacha mila ni mtumwa. Methali hii aghalabu hutumiwa kuwaasa vijana wanaoyapa kisogo mambo ya kwao na kuyakumbatia ya wengine. Yupo hata hivyo mtu mmoja ambaye maisha yake yaliipa methali hii uzito wa pekee, kwa kuwa baba yake mzazi alikuwa mtumwa hasa, wala si kwa njia ya mafumbo. Mtu huyo ni Paul Robeson. Wengi wetu tukimsikia tunamkumbuka kama mwimbaji wa sauti nzito, au kama mwigizaji aliyempa Othello uhai jukwaani. Ni wachache wanaojua kwamba umaarufu wake ulianzia katika uwanja wa kandanda ya Kimarekani, na kwamba baadaye aliketi darasani jijini London kujifunza lugha hii tunayoienzi.

Robeson alizaliwa tarehe 9 Aprili 1898 katika mji wa Princeton, jimboni New Jersey. Baba yake, William Drew Robeson, alitoroka utumwani North Carolina akiwa kijana mdogo, akasoma hadi chuo kikuu na kuwa mchungaji. Mama yake, Maria Louisa Bustill, alifariki mwaka 1904 baada ya nguo zake kushika moto kutoka jikoni. Paul, kitinda mimba wa familia ile, hakuwa ametimiza hata miaka sita. Alilelewa na baba aliyekuwa amekwisha kupoteza kanisa lake, lakini ambaye hakukubali mwanawe aridhike na alama za wastani shuleni. Chuo kikuu cha Princeton kilikuwa hapo hapo mjini, ila katika zama hizo hakikuwapokea wanafunzi weusi.

Mwaka 1915 Robeson alishinda ufadhili wa masomo ulioshindaniwa na wanafunzi wa jimbo zima, akajiunga na chuo cha Rutgers, mjini New Brunswick. Alipojitokeza uwanjani kujaribiwa ili aingie katika timu, wachezaji wenzake weupe waliazimia kumfukuza kwa vipigo. Siku ya kwanza walimvunja pua na kumtegua bega. Alipopata nafuu akarejea, na safari hii mmoja wao akamkanyaga mkono kwa makusudi hadi kucha zikang'oka. Hasira zilimpanda. Katika hekaheka iliyofuata alimnyanyua mchezaji aliyekuwa na mpira hadi juu ya kichwa chake, tayari kumbwaga chini. Kocha George Foster Sanford aliingilia kati upesi na kumtangaza kuwa mmoja wa wachezaji wa kikosi.

Yafaa tueleze kidogo jinsi mchezo wenyewe ulivyokuwa. Katika kandanda ya Kimarekani ya miaka hiyo, wachezaji 11 wa kila upande walishambulia na pia kulinda, bila kupokezana na kikosi kingine. Timu yake iliposhambulia, Robeson alisimama ukingoni mwa safu ya mbele, akikimbia kuupokea mpira. Timu pinzani iliposhambulia, alirudi nyuma kidogo ya safu, akawa mlinzi huru anayeusoma mchezo, akibaini mpira unakoelekea kabla ya kumkabili aliyeubeba. Kazi hiyo ilihitaji misuli, nayo akili vilevile. Robeson alikuwa na urefu wa futi 6 na inchi 3, na hakuwa mzembe wa fikra.

Mtihani mkubwa zaidi haukuletwa na wapinzani uwanjani. Mwezi Oktoba 1916, Rutgers ilipokuwa ikiadhimisha miaka 150 tangu kuasisiwa kwake, ilialika timu ya chuo cha Washington and Lee kutoka kusini mwa Marekani. Wageni hao walikataa kucheza na timu yenye mtu mweusi. Wakuu wa chuo wakasalimu amri, na Robeson akawekwa kando. Mechi ikaisha sare ya 13 kwa 13. Kijana yule alinyamaza. Mwaka uliofuata timu ya West Virginia ilipotoa sharti kama hilo, Sanford alilikataa kabisa, Robeson akacheza, na mechi hiyo ikaisha 7 kwa 7. Mwezi Novemba 1917, mjini Brooklyn, Rutgers iliicharaza timu ya jeshi la wanamaji kutoka Newport mabao 14 kwa bila. Timu hiyo ilijaa wachezaji waliokuwa na sifa kubwa vyuoni, lakini walinzi wa Rutgers, Robeson akiwa mstari wa mbele, hawakuwapa nafasi. Walter Camp, aliyeheshimiwa kuliko wote katika kuwateua wachezaji bora wa vyuo vya Marekani, alimweka katika kikosi chake cha taifa cha mwaka 1918.

Isidhaniwe kwamba mpira ulimfanya asahau vitabu. Robeson alicheza pia besiboli na mpira wa kikapu, akashiriki riadha, akashinda mashindano ya ulumbi, na akaingizwa katika chama cha Phi Beta Kappa, ambacho huwapokea wanafunzi wenye alama za juu kabisa. Mwezi Mei 1918 baba yake alifariki, na siku chache baadaye kijana huyo akapanda jukwaani kulumba kama alivyokuwa amemwahidi mzee, akashinda. Alipohitimu mwaka 1919, ndiye aliyechaguliwa kutoa hotuba kwa niaba ya wanafunzi wenzake.

Baada ya hapo alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia, huku akilipia karo kwa kucheza kandanda ya kulipwa, kwanza na timu ya Akron Pros mwaka 1921, kisha na Milwaukee Badgers mwaka 1922. Alipata shahada yake ya sheria mwaka 1923, lakini uwakili haukumdumu. Katibu mweupe wa ofisi alimofanyia kazi alikataa kuandika maneno aliyotamkiwa na mtu mweusi. Robeson akaondoka, akaelekea jukwaani. Mwaka 1924 aliigiza katika tamthilia za Eugene O'Neill, mwaka 1925 akaandaa tamasha la nyimbo za kidini za Wamarekani weusi, na mwaka 1930 akaigiza Othello jijini London. Alipoigiza tena nafasi hiyo jijini New York kuanzia mwaka 1943, tamthilia hiyo ilionyeshwa mara 296.

Ni huko London ambako maisha yake yanakutana na yetu. Aliwakuta pale wanafunzi na wanaharakati kutoka Afrika, Jomo Kenyatta akiwa mmoja wao. Kati ya 1933 na 1934 alijiandikisha katika taasisi ambayo leo inajulikana kama SOAS, akasoma lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo. Nia yake haikuwa kujipamba. Alikuwa ameambiwa tangu utotoni kwamba mtu mweusi hakuwa na utamaduni wa kujivunia, na katika lugha hizi alipata ithibati ya kinyume chake: fikra pevu, mantiki, methali na mahadhi yaliyofanana na nyimbo za kwao alizozizoea kanisani. Mwana wa mtumwa alikuwa akiitafuta mila ambayo babu zake walinyang'anywa.

Hata hivyo hakuepuka makosa. Mwaka 1935 alionekana katika filamu ya Sanders of the River, iliyohusu Afrika, ambamo Kenyatta pia alipewa nafasi ndogo. Robeson alitumaini kwamba filamu hiyo ingeonyesha heshima ya utamaduni wa Mwafrika. Ilipokamilika, ikawa ni sifa tupu kwa mkoloni wa Kiingereza, na baadaye akaikana hadharani. Mwaka 1937 alishiriki kuanzisha jumuiya iliyokuja kuitwa Council on African Affairs, ambayo ilipinga ukoloni na ubaguzi barani mwetu, na iliyopaza sauti kuhusu Kenya wakati wa hali ya hatari, kabla ya kufungwa mwaka 1955.

Msimamo huo ulimgharimu. Mwaka 1949 tamasha lake karibu na Peekskill lilivamiwa na magenge ya wabaguzi. Mwaka 1950 serikali ya Marekani ilimnyang'anya pasipoti, asiweze kusafiri ng'ambo hadi mwaka 1958. Kumbi zilimfungia milango na mapato yake yakaporomoka. Hata kandanda haikusazwa: kitabu kimoja cha kumbukumbu za mchezo huo kilichotolewa enzi hizo kiliorodhesha kikosi cha taifa cha mwaka 1918 kikiwa na wachezaji kumi tu. Wa kumi na mmoja alikuwa amefutwa. Yeye hakukubali kufutwa. Mwaka 1957 aliwaimbia wachimba migodi wa Wales kwa njia ya simu, kutoka upande wa pili wa bahari.

Haki inatutaka tuseme pia kwamba Robeson, aliyekataa kunyamaza mbele ya dhuluma za nchi yake, alinyamaza hadharani kuhusu maovu ya utawala wa Stalin. Aliipenda Urusi ya Kisovieti kwa kuwa ilimpokea kama binadamu, na upendo huo ulimfumba macho au kumfunga kinywa. Mtu mkubwa hapungui kwa kuelezwa kwa ukweli, na sisi wasomi hatuna budi kuyatazama mema na mabaya yake pamoja.

Miaka yake ya mwisho ilitawaliwa na ugonjwa. Mkewe, Eslanda, alifariki mwaka 1965, naye akahamia kwa dada yake mjini Philadelphia, alikofariki tarehe 23 Januari 1976. Jina lake liliingizwa katika jumba la heshima la wachezaji wa kandanda wa vyuo mwaka 1995, miaka 77 baada ya Camp kumteua. Mwaka 2019, karne moja baada ya yeye kuhitimu, Rutgers ilizindua uwanja wa kumbukumbu wenye jina lake. Chuo kilichomweka kando siku ya sherehe yake sasa kinajivunia jina lile lile.

Msomaji mpenzi, sisi tulizaliwa tukikuta Kiswahili mlangoni, na wapo miongoni mwetu wanaokisoma kwa shingo upande kwa kuwa hawakupata nafasi katika masomo mengine. Robeson, aliyekuwa na shahada ya sheria na jina lililovuma katika mabara mawili, alikifuata mwenyewe akaketi darasani. Yeye alikuwa akitafuta kilichopotea. Sisi tunacho mkononi, na tukikidharau, methali ya wahenga inatuhusu.