Maisha ya Marehemu Bwana John Kakonge na Habari za Mkutano wa Gulu



Vijitabu vya ukumbusho kama hiki huandikwa habari za masheikh waliotusomesha na za wazee waliotoa viwanja vya misikiti, na hivyo ndivyo inavyopasa. Lakini vijana wetu wa Namatala, hasa zinapofika siku za kupiga kura, hawaachi kuuliza jambo moja: ilikuwaje chama cha Uganda People's Congress, yaani UPC, ambacho babu zao walikipenda kwa nguvu zote, kikavunjika kwa ndani kabla hakijavunjwa na bunduki? Jawabu la swali hilo haliwezi kusemwa pasipo kumtaja mtu mmoja ambaye hakuwa Mwislamu, wala hakuwa mwenyeji wa Bugisu wala wa Busoga, naye ni marehemu Bwana John Kakonge. Kwa hiyo tumeona si vibaya kumpa nafasi yake hapa.

Bwana Kakonge alikuwa mtu wa Bunyoro. Nchi hiyo ilikuwa na jeraha lake la zamani, kwani Waingereza waliikata sehemu zake wakaipa Buganda, na Wanyoro hawakulisahau neno hilo hata siku moja. Alipokua akapata nafasi ya kwenda India kusoma elimu ya juu. Jambo hilo lataka kuangaliwa vizuri. Wakubwa wengi wa siasa wa zamani zile walisoma Makerere au Uingereza, wakarudi na tabia za huko. Yeye aliishi katika nchi iliyokuwa imekwisha kujitoa katika mikono ya Waingereza tangu mwaka wa 1947, nchi iliyokuwa ikipanga mambo yake kwa mipango ya miaka mitano mitano, na ambayo viongozi wake walinena waziwazi habari za ujamaa. Akarudi na mawazo hayo moyoni.

Chama cha UPC kilizaliwa mwaka wa 1960, pale upande mmoja wa chama cha zamani cha Uganda National Congress, ulioongozwa na Bwana Milton Obote, ulipoungana na Uganda People's Union. Waliokutana pale hawakuwa na nia moja. Kila wilaya ilikuwa na mkubwa wake, na kila mkubwa alikuwa na watu wake waliomjua yeye kabla ya kukijua chama. Busoga walikuwa na Sir Wilberforce Nadiope, Bukedi walikuwa na Bwana Balaki Kirya, na Ankole walikuwa na Bwana Grace Ibingira. Mtu angeweza kusema kwamba chama kilikuwa kama soko la Jumamosi: watu wengi, lakini kila mmoja na kikapu chake.

Katika soko hilo Kakonge aliwekwa kuwa Katibu Mkuu. Hakuwa mkuu wa wilaya yo yote, hakuwa na ukoo wa kifalme nyuma yake, wala hakuwa na mali. Alikuwa na kazi yake tu, nayo aliifanya. Alikuza matawi, na hasa alijishughulisha na umoja wa vijana wa chama, ambao kwa wengi wao chama kilikuwa ndiyo shule na ndiyo kazi. Miji kama Jinja na Mbale ilikuwa na vijana wa namna hiyo tele. Jinja palikuwa pamejaa watu waliofuata kazi baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa mwaka wa 1954, na viwanda vya nguo na vinginevyo vikafuata. Mbale palikuja wafanya biashara na vibarua wa kila kabila, na mji wenyewe ukawa ukigombaniwa na watu wa Bugisu na watu wa Bukedi hata katiba ya mwaka wa 1962 ikaufanya kuwa eneo la peke yake. Mtu aliyekaa karibu na mto Namatala zamani zile alikuwa amechoka kuulizwa ni wa upande gani. Akija mtu kumwambia kwamba yeye ni mwananchi wa Uganda, na kwamba maskini wa upande huu na maskini wa upande ule shida yao ni moja, alimsikiliza.

Uchaguzi wa mwaka wa 1961 UPC walishindwa na Democratic Party. Mwaka wa 1962 mwezi wa Aprili wakapata viti 37, na Democratic Party wakapata 24. Kabaka Yekka walikuwa na viti 21 vya Buganda, na UPC walipopatana nao ndipo serikali ilipopatikana. Huku kwetu Waislamu wengi walikuwa upande wa UPC, maana Democratic Party kilitazamwa na watu kuwa ni chama cha Wakatoliki.

Sasa sikilizeni mkasa wenyewe. Baada ya ushindi ule, Bunge lilikuwa na viti tisa vya wabunge wa kuchaguliwa na Bunge lenyewe, na watu wote walidhani Katibu Mkuu hatakosa kimoja. Majina yalipotoka, jina la Kakonge halikuwamo. Mtu aliyekijenga chama akaachwa nje ya mlango wa nyumba aliyoisaidia kuinuka. Kwa uchungu akaondoka akaenda Dar es Salaam, na ilibidi abembelezwe mpaka akarejea. Alirejea katika ofisi yake ileile, akawa Katibu Mkuu wa chama kinachotawala na hana kiti Bungeni wala wizara. Mawaziri walikuwa na motokaa na wizara. Yeye alikuwa na mafaili ya chama na vijana.

Nadhani hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, kwani tangu siku ile nguvu ya chama ikawa mahali pamoja na nguvu ya serikali mahali pengine. Vijana wakaanza kuwasema mawaziri kwamba wamenona mapema. Mawaziri nao wakaanza kuwaogopa vijana. Vijana nao, tuseme kweli, hawakuwa malaika: walikuwa wepesi wa kupaza sauti na wazito wa kusikiliza. Mwezi wa Desemba 1963 Wazungu fulani walifanya karamu Tank Hill, Kampala, wakawadhihaki Waafrika usiku wa uhuru wa Kenya, na vijana wa UPC wakachukua jambo lile mikononi mwao. Wengi waliwasifu, lakini wenye madaraka walijiuliza: je, kesho watakuja kwa nani?

Mwezi uliofuata hofu ikazidi. Tarehe 12 Januari 1964 yalitokea mapinduzi ya Unguja, na watu wa siasa ya kushoto, kina Abdulrahman Babu, wakaonekana kuwa wakubwa. Siku chache baadaye askari wa Tanganyika wakaasi, wakafuatwa na wa Kenya na wa Uganda. Kwetu uasi huo ulikuwa papa hapa Jinja, katika kambi ya jeshi, askari wakidai mishahara, na serikali ikawaita askari wa Kiingereza kuuzima. Tena mishahara ikaongezwa. Baada ya Januari ile, kila mtu aliyesema habari za ujamaa kwa sauti kubwa alitazamwa kwa jicho la pili.

Mtu aliyesimama kumpinga Kakonge alikuwa Bwana Grace Ibingira, mtu wa jamaa ya kifalme ya Ankole, mwanasheria aliyesoma Uingereza, na waziri. Ndiye anayetajwa kwa kuibuni bendera yetu ya nyeusi, manjano na nyekundu. Alikuwa na akili nyingi na utaratibu, na alijua kwamba uchaguzi wa chama haushindwi barabarani. Akazunguka kwa wakubwa wa wilaya, na wakubwa wa wilaya ndio waliokuwa na wajumbe.

Mkutano mkuu ulikutana Gulu mwaka wa 1964. Gulu ni mbali na Kampala, ni mbali na Jinja, na ni mbali zaidi na Mbale, na kijana asiye na nauli hafiki kwa kupiga kelele tu. Waliofika walikuta ugomvi juu ya nani ni mjumbe wa haki na nani si mjumbe. Wafuasi wa Kakonge walilalamika tangu siku ile, na waliendelea kulalamika miaka yote, kwamba watu wao wengi walizuiwa wasiingie na nafasi zao zikapewa wengine. Lililo baya kwao kuliko yote ni kwamba Bwana Obote, kiongozi wa chama, ambaye walimhesabu kuwa ni wao, uzito wake ulikuwa upande wa Ibingira. Kura zilipohesabiwa, Ibingira akawa Katibu Mkuu.

Mimi simwondolei Kakonge lawama yote. Alikuwa na miaka minne katika ofisi ile, na ofisi ile ndiyo yenye kushika orodha za matawi. Kama orodha zilichezewa, basi zilichezewa na watu waliozijali kuliko yeye alivyozijali. Aliutegemea upendo wa watu na maneno ya mkubwa wake, na vitu hivyo viwili haviandikwi katika daftari la kura. Lakini namsifu kwa jambo moja. Alipokwisha kushindwa hakuunda chama kingine, wala hakuwatia vijana katika vita.

Vijana hao walilipa gharama. Baada ya Gulu wengi walifukuzwa katika chama, na miongoni mwao walikuwamo vijana wa Kiislamu kama Bwana Jaberi Bidandi Ssali na Bwana Ali Kirunda Kivejinja wa Busoga, pamoja na mwenzao Bwana Kintu Musoke. Hayo yalikuwa ni mambo ya siasa, lakini desturi ya kugawanyana huambukiza. Mwaka wa 1965 ilianzishwa jumuiya ya NAAM chini ya Bwana Adoko Nekyon, waziri na ndugu wa Obote, na Waislamu wa Uganda wakagawanyika, hawa wakifuata NAAM na hawa wakibaki na Mwana wa Mfalme Badru Kakungulu. Wako wazee waliokataa kusali nyuma ya jirani zao kwa ajili ya jambo lililoanzia katika ofisi za chama.

Ibingira alipokwisha kukaa katika kiti cha Katibu Mkuu, hakukaa kama mtumishi wa aliyemsaidia kukipata. Akaanza kulitengeneza chama upya, tawi kwa tawi, na katika muda usiofika miaka miwili UPC kikawa na kambi mbili zilizoelekezana nyuso, ya Obote na ya Ibingira. Hapo Obote akamkumbuka Kakonge. Akaingizwa Bungeni, akapewa na uwaziri.

Ikafika tarehe 4 Februari 1966. Bwana Daudi Ocheng wa Kabaka Yekka alisimama Bungeni akataka Kanali Idi Amin asimamishwe kazi na achunguzwe kwa habari za dhahabu na pembe zilizotoka Kongo, akawataja na Obote na mawaziri wake wawili. Obote hakuwapo, alikuwa safarini kaskazini. Wabunge wa UPC walikuwa wamekubaliana mapema kuikataa hoja ile, lakini mawaziri waliokuwapo mjini wakageuza shauri siku ileile. Ilipopigwa kura, Bunge zima likaikubali, isipokuwa mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa John Kakonge. Yule aliyeachwa nje mwaka wa 1962, akaangushwa Gulu mwaka wa 1964, ndiye peke yake aliyebaki kumtetea aliyemwacha. Wengine husema ni uaminifu, wengine husema ni ukaidi. Kwa maoni yangu alikiheshimu kikao cha chama kilichokwisha kuamua, na hakuona sababu ya kubadilika kwa kuwa wengine wamebadilika.

Tarehe 22 Februari mawaziri watano walikamatwa katika kikao cha serikali Entebbe: Ibingira, Kirya wa Bukedi, Mathias Ngobi wa Busoga, George Magezi na Daktari Emmanuel Lumu. Kwa hiyo nyumba za mashariki zilizopiga kelele za furaha kwa ajili ya Gulu zilijikuta na watu wao gerezani. Mwezi wa Mei ikulu ya Kabaka ikapigwa na jeshi, na mkuu wa jeshi katika kazi ile alikuwa Amin.

Kakonge aliendelea kuwa waziri, akashika mambo ya kilimo. Mwaka wa 1969 Obote alipotoa Mkataba wa Mwananchi wa Kawaida na kutangaza safari ya kwenda kushoto, yale yaliyowafukuzisha vijana miaka mitano nyuma yakawa ndiyo siasa ya serikali. Lakini vijana wenyewe hawakuwamo tena kuyaeneza, na matawi yalikuwa yamekauka. Tarehe 25 Januari 1971 Amin aliipindua serikali, na chama kilichotawala miaka karibu tisa hakikuwa na watu wa kusimama barabarani kukitetea.

Mwaka wa 1972 John Kakonge aliuawa katika utawala wa Amin, mtu yuleyule ambaye kura yake ya peke yake ingalimwokoa na uchunguzi. Mwezi wa Januari 1973 alifuatwa na ndugu yetu Mwislamu, marehemu Shaban Nkutu wa Busoga, aliyekuwa waziri mwenziwe, akakamatwa na kuuawa Jinja. Mifupa ya Nkutu ilizikwa upya kwa heshima mwaka wa 2005.

Ibingira alifunguliwa na Amin, akawa balozi, kisha akakimbia nje ya nchi, na alifariki mwaka wa 1995. Katika vijana waliofukuzwa baada ya Gulu, Kintu Musoke alikuwa Waziri Mkuu kuanzia mwaka wa 1994 hata 1999, Bidandi Ssali alikuwa waziri na akagombea uraisi mwaka wa 2011, na Kivejinja alifariki mwaka wa 2020 akiwa mmoja wa manaibu wa Waziri Mkuu.