Abu Ubaydah bin Al-Jarrah: Amiri aliyebaki na watu wake wakati wa tauni

 

Ndugu zetu Waislamu, Ijumaa hii tunamwangalia sahaba ambaye wengi tunamjua kwa lakabu ya Amini wa umma, ila ni wachache wanaokumbuka namna alivyofariki. Alifariki kwa maradhi ya mlipuko, hali ya kuwa njia ya kuyakimbia ilikuwa wazi mbele yake.

Jina lake ni Amir bin Abdullah bin Al-Jarrah, Mkuraishi wa ukoo wa Al-Harith bin Fihr. Alisilimu mapema, akapigana Badr, na siku ya Uhud pete za kofia ya chuma zilipozama katika shavu la Mtume (S.A.W.) alizing'oa kwa meno yake, akapoteza meno mawili ya mbele. Ni miongoni mwa kumi waliobashiriwa Pepo. Zama za Sayyidna Umar (R.A.) alikuwa amiri mkuu wa majeshi ya Sham, na Umar alipoingia nyumbani kwake alikuta upanga, ngao na tandiko la ngamia tu.

Mwaka wa 18 Hijria, sawa na 639, tauni ilizuka Amwas, mji wa Palestina. Wanahistoria wengi huihesabu kuwa wimbi mojawapo la tauni kubwa iliyoanza katika dola ya Warumi mwaka 541. Umar alikuwa njiani kwenda Sham. Alipofika Sargh akapewa habari, akashauriana na Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikuraishi, akaamua kurudi. Abu Ubaydah hakuridhika, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwamba wanatoka katika kadari kwenda katika kadari nyingine. Ndipo Abdurrahman bin Auf akaja na hadithi ya Mtume (S.A.W.): msiingie katika nchi yenye tauni, wala msitoke kwa kuikimbia.

Umar akarejea Madina, lakini moyo wake ulibaki Sham. Akaandika barua kumwita Abu Ubaydah kwa haja aliyosema ni ya haraka. Ikimfikia usiku asingoje asubuhi. Abu Ubaydah alitambua haja hiyo ni ipi. Akajibu kwamba yeye yuko katika jeshi la Waislamu na hana nafsi ya kujitenga nao, akaomba aachwe. Umar aliposoma alilia hadi waliokuwapo wakadhani amiri amekwisha kufa.

Kwa nini alikataa? Hadithi ya kutotoka ilitosha kuwa hoja. Lakini kwa maoni yetu ipo na sababu ya ada. Kwa Mwarabu wa zama zile mtu alikuwa mtu kwa watu wake. Lau wagonjwa wangeamka wakute hema la amiri wao li tupu, wangejiona wametupwa kabla ya kufa.

Jambo hili halitakuwa geni kwa familia za Ushirombo, na za ukanda wote wa dhahabu kuanzia Kahama hadi Geita. Huko, salamu si neno la kupita njia. Mdogo hupiga magoti, mkono hutolewa, na hali ya nyumbani huulizwa. Msiba ukitokea watu hulala matangani. Korona ilipoingia nchini Machi 2020, mkono usiotolewa ulikuwa na maana nzito kuliko ushauri wa daktari: aliyenyimwa alijiona amehukumiwa. Huenda mtu aliyezoea kukaa peke yake katika mji wa Ulaya alifungiwa wiki mbili akaona ni usumbufu tu. Mchimbaji aliyetoka mbali, asiye na ndugu kambini, alipowekwa kando alikuwa amepoteza jamaa wa pekee aliokuwa nao. Na madereva wa malori wapitao Ushirombo kwenda Rusumo, ambako Mei 2020 ulizuka mgogoro baada ya Rwanda kutaka wabadilishwe mpakani, walijua uchungu wa kuonwa kuwa wao ndio ugonjwa.

Turudi Sham. Umar hakukasirishwa na jibu lile. Aliandika tena, na safari hii hakumwita mtu mmoja: aliamuru Abu Ubaydah awatoe watu wote katika ardhi ya bondeni yenye unyevu, awapeleke mahali pa juu penye hewa safi. Amri hii aliikubali bila kusita. Inapokewa kwamba alipotia mguu kwenye kikuku cha tandiko ili aondoke nao, tauni ikampata. Akafariki akiwa na umri wa miaka 58 hivi.

Akashika uongozi Muadh bin Jabal (R.A.), naye akafariki baada ya kumzika mwanawe. Kisha akaja Amr bin Al-As (R.A.). Huyu aliwaambia watu kwamba ugonjwa huo huwaka kama moto, basi watawanyike milimani. Abu Wathila Al-Hudhali alimpinga kwa maneno makali, na Amr hakutaka kujibizana naye. Alitoka na watu, wakatawanyika, mpaka Mwenyezi Mungu akaiondoa tauni. Habari ilipomfikia Umar kule Madina, hakuichukia rai ile.