Soichiro Honda: Ringi 50, zilizopita ni 3

Ukifungiwa pistoni mpya hapa Nakuru, fundi atakupa sharti moja: mdogo mdogo kwanza. Usipande Menengai ukivuta mafuta yote, wala usishike mwendo mmoja hadi Naivasha. Ringi mpya bado hazijazoeana na ukuta wa silinda. Lazima zisuguane polepole mpaka zikae sawa. Ukizilazimisha, joto linapanda, pistoni inakwaruzika na pesa yako imeenda. Hata oili ya kwanza unaimwaga mapema, maana imebeba vumbi la chuma.

Mtu aliyezijua ringi hizo kwa machungu ni Soichiro Honda, yule ambaye jina lake unaliona kwenye tangi za pikipiki.

Alizaliwa Japani mwaka 1906, mtoto wa mhunzi. Akiwa na miaka 15 alienda Tokyo kujifunza ufundi kwenye gereji. Mwanzoni hakushika hata spana. Kazi ilikuwa kufagia na kulea mtoto wa bosi. Alivumilia. Mwaka 1928 akafungua gereji mjini Hamamatsu, ikashika kasi.

Halafu akafanya jambo lililoshangaza wengi: akaiacha gereji iliyomlisha ili atengeneze ringi za pistoni. Alidhani ni kazi nyepesi. Wapi! Ringi zilitoka ngumu, hazinyumbuki. Fundi huyu mwenye jina, aliyekaribia miaka 30, akarudi darasani kukaa na vijana wadogo asome habari za chuma. Cheti hakukijali, alitaka kujua tu. Alipopeleka ringi 50 kwa Toyota, 3 pekee ndizo zilizopita. Akarudi kiwandani, akarekebisha, mpaka Toyota ikawa mteja wake.

Mwaka 1945 tetemeko la ardhi likabomoa kiwanda, akawauzia Toyota kilichobaki. Mwaka uliofuata, watu wakihangaika na usafiri, akachukua injini ndogo zilizoachwa na jeshi na kuzifunga kwenye baiskeli. Kampuni ya Honda ikaanzishwa 1948. Pikipiki yake ya Super Cub, iliyotoka 1958, imeshapita milioni 100 duniani.

Alistaafu 1973, akafariki 1991 akiwa na miaka 84.

Kwa hivyo fundi akikwambia uende pole kilomita za kwanza, usidhani anakuchelewesha. Aliyejenga jina kubwa la pikipiki naye alianza na ringi zilizokataliwa.