J.A. Hunter: Mwindaji aliyeangamiza vifaru Makueni kisha akajenga hoteli Kiboko

Kabla Kenya haijatunga sheria ya kamari mwaka 1966, na kabla wawekezaji hawajaanza kuwavutia watalii kwa meza za kasino, hoteli moja ya kitalii ilikuwa tayari imesimama Kiboko, karibu na Makindu, takriban kilomita 160 kutoka Nairobi kwenye barabara kuu ya Mombasa. Hapakuwa na kamari pale. Kilichouzwa ni maji ya chemchemi, kivuli cha migunga na jina la mwenyewe, John Alexander Hunter, ambaye wakati huo alikuwa miongoni mwa wawindaji mashuhuri zaidi duniani.

Jina hilo lilikuwa limejengwa kwa risasi, na nyingi kati ya hizo zilifyatuliwa katika ardhi ambayo leo ni Kaunti ya Makueni.

Hunter alizaliwa mwaka 1887 katika eneo la Dumfries, kusini mwa Scotland. Shule haikumvutia kama ilivyomvutia bunduki. Mwaka 1908, akiwa kijana wa miaka 21, alifika Afrika Mashariki na kwenda kwa jamaa yake aliyekuwa na shamba karibu na Nairobi. Hawakupatana. Akaajiriwa kuwa gadi katika Reli ya Uganda, kazi iliyomfaa kwa sababu moja: treni ilipita katikati ya wanyama, naye alikuwa na bunduki karibu. Ngozi za simba na chui aliowaua kandokando ya reli zilimpa fedha kuliko mshahara, na hatimaye akaiacha reli.

Miaka iliyofuata aliwaongoza matajiri wa Ulaya na Marekani waliokuja kutafuta mapembe na vichwa vya kutundika ukutani. Baadaye Idara ya Wanyamapori ilimtuma katika nchi ya Wamaasai kuwaua simba waliokuwa wakishambulia ng'ombe. Katika safari hizo mshahara na sifa vilikuwa vyake, lakini macho yaliyosoma nyayo mara nyingi yalikuwa ya wenyeji, wakiwemo Wakamba waliomshikia bunduki na kusimama naye mnyama alipogeuka. Sifa zao hazikufika mbali kama zake.

Kazi iliyomweka katika historia ya Ukambani ilianza Agosti 1944. Serikali ya kikoloni ilikuwa na tatizo ambalo kwa kiasi kikubwa ilijitakia yenyewe. Wakamba walikuwa wamebanwa katika maeneo waliyotengewa, ardhi nzuri jirani wakapewa walowezi, na mmomonyoko wa udongo ukaanza kula vilima vya Machakos. Mwaka 1938 serikali ilipojaribu kuwapunguzia mifugo kwa nguvu, maelfu ya Wakamba waliandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, na ng'ombe wakarudishwa. Mbingu mwenyewe alipelekwa uhamishoni Lamu. Baada ya aibu hiyo, watawala wakageukia nyika ya Makueni, iliyokuwa haina watu kwa sababu ya mbung'o, uhaba wa maji na vifaru.

Mbung'o walihitaji vichaka vikatwe. Vibarua walioingia kukata vichaka walikumbana na vifaru, na kifaru mweusi akishtushwa katika kichaka kizito hushambulia. Ndipo Hunter alipoitwa.

Kufikia mwisho wa Oktoba 1946 alikuwa ameua vifaru 996. Idadi hiyo ni sawa na zaidi ya mmoja kwa siku, kwa miaka miwili na ushei, na yote ilitokana na agizo la serikali. Aliwafuata kwa miguu ndani ya miiba, mahali ambapo mara nyingi mtu hakuweza kuona zaidi ya hatua chache mbele yake. Ushujaa huo hauwezi kukanwa. Linaloweza kuulizwa ni kama ulihitajika, na Hunter mwenyewe alilitia shaka. Katika kitabu chake cha kumbukumbu, kilichotolewa mwaka 1952 na kupata wasomaji wengi ng'ambo, alionyesha kusita kama ekari zilizopatikana zilistahili kuwamaliza wanyama wa aina ile.

Hata ekari zenyewe hazikupokewa kwa shangwe. Mpango wa makazi ulikuja na masharti makali kuhusu kilimo na idadi ya mifugo, na Wakamba, ambao hawakuwa wamesahau yaliyotokea mwaka 1938, waliuona kama mtego mwingine wa kuwapokonya ardhi. Katika miaka ya mwanzo waliojitokeza walikuwa wachache. Vifaru walikuwa wameondoka, lakini watu waliosemekana kuihitaji ardhi ile kwa haraka walikuwa bado wanapima mambo.

Upande wa Kitui, wakati huohuo, uwindaji ulikuwa na sura nyingine. Wakamba wa huko walikuwa wamewinda ndovu kwa mishale ya sumu kwa vizazi vingi, na biashara yao ya pembe iliwahi kufika pwani kabla Mzungu hajafungua ofisi Nairobi. Mbuga ya Tsavo ilipotangazwa mwaka 1948, mpakani mwa Kitui, wawindaji hao waligeuka wahalifu. Katika msako mkubwa wa miaka ya 1956 na 1957 mamia ya watu, hasa Wakamba na Waliangulu, walikamatwa na wengi wakafungwa. Katika miaka hiyohiyo, mtu aliyeua karibu vifaru elfu moja kwa amri ya serikali alikuwa mwandishi anayeheshimiwa, akijiandaa kufungua hoteli.

Hoteli hiyo, Hunter's Lodge, aliijenga Kiboko mwishoni mwa miaka ya 1950, pamoja na mkewe Hilda, mama wa watoto wake sita. Hesabu yake ya kibiashara ilikuwa sahihi. Barabara ya Mombasa ilikuwa ya vumbi, safari ilichosha, na mahali pa kupumzika penye maji palihitajika. Chemchemi iliunda bwawa, ndege wakajaa kwenye migunga, na wageni wakapumzika kando ya mwenyeji ambaye vitabu vyake baadhi yao walikuwa wamevisoma.

Hunter alifariki mwaka 1963, mwaka ambao Kenya ilipata uhuru. Jina lake lilibaki kwenye kibao cha hoteli kando ya barabara.

Idadi ya vifaru weusi nchini, waliokadiriwa kuwa 20,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilianguka hadi chini ya 400 mwishoni mwa miaka ya 1980, safari hii mikononi mwa majangili. Mwaka 1986 serikali ililazimika kutenga hifadhi ya vifaru yenye ua na walinzi huko Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi, ng'ambo ya Mtito Andei. Makueni kwenyewe, penye nyika aliyopita Hunter na bunduki, wakulima hupanda pojo, mbaazi na maembe, na bado husubiri mvua.