Joginder Singh, Fundi wa Kericho Aliyeacha Porsche Nyuma

Uko Watamu unaota Porsche 911 ya kitambo, na unataka iwekwe gia ndefu za spidi? Sawa, Gede hadi beach ni lami. Lakini ukiingia mchanga, gia ndefu zitakuzimia injini. Hapo unataka gia fupi, za kuvuta.

Muulize Joginder Singh, kama angekuwepo. Alizaliwa Kericho 1932, akawa fundi kabla awe dere. Safari Rally ya 1965 aliibeba na Volvo iliyokuwa imeshatumika, kando yake bro yake Jaswant. 1974 akaja na Mitsubishi Lancer, kainjini ka 1600 tu, akamaliza mbele ya Porsche 911 ya Björn Waldegård. Imagine! 1976 akarudia. Safari 22, akamaliza 19; kuua ndinga njiani haikuwa tabia yake. Aliaga London, 2013.